Nauli ya Mstaafu Ishughulikiwe Angali Kazini

Watumishi wengi wa umma Tanzania Bara hujulikana tarehe yao ya kustaafu tangu siku wanayoajiriwa: kwa lazima wakitimiza miaka 60, au kwa hiari kuanzia 55. Ni vigumu kupata gharama ya Serikali inayotabirika kirahisi kuliko hii. Hata hivyo, fedha za kumrudisha mstaafu alikoajiriwa huishia mara nyingi kwenye orodha ya madeni yasiyo ya mishahara, kana kwamba zimezuka usiku mmoja. Hoja yangu ni kwamba stahili hii ikokotolewe, itengewe fungu na kuidhinishwa mtumishi akiwa bado kazini.

Msingi wake ni kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mkataba ukikomea mahali tofauti na alipoajiriwa mtumishi, mwajiri ama amsafirishe pamoja na mizigo yake, ama alipie usafiri huo, ama ampe posho isiyopungua nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na alikoajiriwa. Sheria inataja pia gharama za kujikimu za kila siku, tangu mkataba unapokoma hadi siku ya safari, ikiwa kuna siku za namna hiyo katikati. Sharti hilo dogo lina uzito, kwa kuwa linaonyesha kwamba mtunga sheria aliona uwezekano wa kutokuwepo hata siku moja ya kusubiri. Tuchukue mwalimu aliyeajiriwa Bukoba akastaafia Newala. Vitanda, kabati na cherehani vimekwishafungwa kamba, lakini Fuso haliondoki kwa sababu hati ya malipo haijasainiwa. Kila kukicha dai lake la kujikimu linaongezeka. Halmashauri inayodhani inabana matumizi kwa kumchelewesha inajiongezea deni.

Wapo watakaosema haki hii huzaliwa siku ya kustaafu, hivyo kulipa mapema ni kukiuka taratibu. Ni kweli kwamba haki huiva siku hiyo, ila hakuna kinachozuia maandalizi kutangulia. Mafao nayo huandaliwa hivyo hivyo. Pingamizi zito zaidi ni la mtumishi aliyekwisha kujenga kituoni, ambaye huenda akachukua fedha asihame. Lakini kifungu kinaangalia mkataba ulipokomea na mtu alipoajiriwa. Hakiulizi kiwanja chake kiko wapi. Mwajiri mwenye shaka anaweza kumlipa msafirishaji moja kwa moja, njia ambayo sheria yenyewe imeifungua. Kuhusu ufinyu wa bajeti, sioni utetezi, maana tarehe za kuzaliwa zimo kwenye kumbukumbu za kila mtumishi.

Maafisa utumishi, mnapoandaa ikama ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, wekeni orodha ya wanaostaafu ndani ya mwaka huo, mkionyesha alikoajiriwa kila mmoja na makadirio ya mizigo yake.