Maradhi Yasiyo na Jina



Sisi tukaao Eastlands twapita Kariokor kila siku. Jina lile latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914–1918, ambao maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Tangu Oktoba 2011, wana wetu nao wamepigana Somalia.

Aliyekatwa mguu, jeraha lake humsemea. Lakini yule asiyepata usingizi, aumwaye viungo miaka nenda miaka rudi, na daktari asione sababu, hana cha kuonyesha ila neno lake. Nasi makarani twajua: ofisi husoma karatasi, haisomi uso.

Mwaka 2022 Kenya ilitunga sheria ya wanajeshi wastaafu. Basi, ili madai ya ulemavu yapate nguvu, kila nyumba yenye askari wa zamani na itunze cheti cha kuachishwa jeshi na kadi zote za hospitali, iandike siku ugonjwa ulipoanza, na wenzake wa kikosi washuhudie wangali hai. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mjane hubaki mikono mitupu.

Asiyejua kuandika na aje kwetu. Kalamu tunayo.