HOTUBA KWA WANAUSHIRIKA: MASHINE YETU ISIUZWE KABLA YA KUPIMWA



Maneno haya tuliyasema kwenye kisomo cha watu wazima. Tumeyabandika hapa ili asiyekuwepo naye asome, na asiyejua bado asomewe na mwenzake.

Mkutano mkuu ujao unayo hoja ya kuuza mashine yetu ya muziki, yaani amplifaya, deki ya kaseti na spika mbili, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ati imekufa. Ndugu zangu, haijafa. Upande wa kulia unasema, wa kushoto umenyamaza. Mtu akiumwa mguu mmoja hachimbiwi kaburi.

Tena kabatini mna kanda 14. Humo wazee wetu wanaeleza shamba la ushirika lilivyopatikana na mipaka yake inapopita. Wengi wao hawapo tena. Deki ikienda kwa kilo, sauti zile tutazisikilizia wapi?

Kujua chombo ni sehemu ya kisomo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa kwa vikundi wakisikiliza Redio Tanzania na kujadiliana. Redio ikinyamaza, darasa limepungukiwa. Basi na sisi tujifunze.

Ubovu hutafutwaje? Treni ya kutoka Dar es Salaam ikichelewa, hatuilaumu stesheni ya Goweko. Tunauliza: imepita Tura? Imepita Malongwe? Nyahua je? Sauti nayo ina safari yake: inatoka kwenye kanda, inapita deki, inapita amplifaya, inafika spika. Tuulize kila kituo, na tubadilishe kitu kimoja tu kwa mara moja.

Kwanza, usafi. Chukua pamba yenye spiriti kidogo, ufute kile kichuma kinachogusa kanda. Uchafu peke yake unaweza kunyamazisha upande mmoja.

Pili, spika. Zima mashine. Ile spika ya kushoto ihamishie waya upande wa kulia, kisha washa. Ikisema, spika ni nzima. Isiposema, ubovu ni wake au wa waya wake. Hapo ifungue waya kabisa kwenye mashine, uiguse kwa betri moja ndogo ya volti 1.5, mara moja tu. Spika nzima hutoa mlio wa "ta!"

Tatu, kama spika ni nzima, irudishe kwake. Zima tena, upishanishe zile plagi mbili zinazotoka kwenye deki pale zinapoingia kwenye amplifaya: ya kushoto iende kulia, ya kulia kushoto. Ukimya ukihamia kulia, ubovu uko kwenye deki au waya wake. Ukibaki kushoto, uko kwenye amplifaya.

Nne, vitufe. Kitufe cha sauti kikikwaruza, zima mashine ukizungushe huku na huku mara nyingi. Kutu na vumbi hupungua. Mara nyingine hiyo ndiyo dawa yote.

Sasa maonyo. Waya za spika zisiguswe mashine ikiwa inawaka. Zikigusana zinaweza kuunguza transista. Fyuzi ikiungua, tusiweke karatasi ya fedha ya sigara wala waya mnene. Huko ni kuita moto. Umeme wetu ni volti 230. Mashine nyingine za zamani zilitengenezwa kwa volti 100 au 110, kwa hiyo tusome maandishi ya nyuma kabla ya kuchomeka. Na kifuniko kisifunguliwe na asiye fundi: kapasita huweza kubaki na umeme hata waya ukishatolewa ukutani.

Kanda za wazee tusizitumie kujaribia. Mkanda wa mpira ndani ya deki ukizeeka hulegea au huyeyuka kama lami, na deki ya namna hiyo hula kanda. Tujaribu kwa kanda isiyo na kazi.

Mtu atauliza, mbona kujisumbua hivyo, si fundi yupo? Yupo, na tutamwita. Lakini ukimwambia "haiimbi", atafungua kila kitu na bei itapanda. Ukimwambia "spika nzima, deki nzima, amplifaya imekufa upande wa kushoto", mmeanza kazi pamoja, na fedha ya ushirika imelindwa.

Kwa hiyo tunapendekeza:
1. Hoja ya kuuza isipigiwe kura kabla ya kupima.
2. Tupime pamoja Jumamosi baada ya kisomo. Kila jibu liandikwe daftarini, na mwanakisomo ndiye aandike.
3. Hata mkutano ukiamua kuuza, kwanza kanda zote 14 zisikilizwe na maneno ya mipaka yaandikwe.

Chuma kinaweza kununuliwa tena. Sauti ya marehemu haina duka.

Ushirika hoyee!

Katibu