Redio ya Wasikilizaji: Malengo Yetu kwa Miaka Kumi Ijayo

(Hotuba iliyosomwa Kibiti mbele ya wanachama na viongozi, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu)



Wenzetu waliotangulia kusema wamehesabu magunia, maghala na mizani. Sisi tumepewa kazi ya kusema juu ya jambo lisilopimwa kwa kilo, nalo ni habari. Mkulima asiye na habari huuza jasho lake gizani.

Yafaa tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Msimu mmoja wa korosho, bei ya mnada ilijulikana hapa Kibiti asubuhi. Tuliwapigia simu makatibu wa delta. Wengine hawakupatikana, basi tukaandika barua. Barua ile ilingoja gari la kwenda Nyamisati, ikangoja chombo, kisha ikangoja maji kujaa. Ilipofika Mbwera, siku ya nne, baadhi ya wanachama walikuwa wamekwisha kuuza kwa kangomba, kwa bei ambayo hatupendi kuitaja siku ya sherehe. Hawakuukana ushirika. Walikuwa na shida ya fedha, na hapana aliyewaambia wangoje.

Wala si bei peke yake. Wazee wetu walilima mlau kwa kuusoma mto: maji yalipopanda walikaa kwenye madungu, na yalipopwa walipanda mahindi katika tope lenye rutuba. Tangu Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, Desemba 2022, kimo cha mto hutegemea mvua, na pia milango ya bwawa. Mafuriko ya 2024 yalizamisha mashamba na nyumba katika wilaya zote mbili, Rufiji na Kibiti. Tangu siku hizo twajiuliza: onyo la maji litamfikiaje mtu aliye shambani, kwa lugha aifahamuyo, kabla maji yenyewe hayajafika?

Ndiyo maana twapendekeza redio ya jamii, itakayodumishwa na wasikilizaji wake. Redio si ngeni kwetu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza. Walisikiliza pamoja, wakajadiliana, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo. Lakini sauti hiyo ilitoka mjini kuja kwetu. Tunayoitaka sasa ni ile itokayo kwetu, na ambayo kwayo Kiongoroni na Maparoni waweza kujibu.

Majirani wametutangulia. Huko Homa Bay, Kenya, kituo cha jamii kilifunguliwa mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO. Serikali ya huko ilikifunga mwaka 1984. Huko Terrat, Simanjiro, redio ya wafugaji ya Orkonerei ilianza kusikika mwaka 2002. Huko Mang'elete, katika nchi ya Wakamba, vikundi vya akina mama ndivyo vilivyoanzisha redio yao. Kwa hiyo hatuombi muujiza.

Juu ya kudumishwa na wasikilizaji, twaweza kujifunza kutoka Berkeley, Marekani. Kituo cha KPFA kilianzishwa huko mwaka 1949 na Lewis Hill na wenzake. Hakikuuza matangazo ya biashara. Wasikilizaji walilipa ada kwa hiari yao. Mwaka 1950 fedha zilikwisha, kituo kikanyamaza; wasikilizaji wakachanga, nacho kikarudi hewani mwaka 1951. Lakini sikilizeni na sehemu ya pili ya habari hii. Mwaka 1999 bodi ya shirika linalokimiliki, ambayo wasikilizaji hawakuichagua, iligombana na watangazaji hata wakafungiwa mlango. Maelfu ya watu waliandamana barabarani, na baadaye masharti yakabadilishwa ili wasikilizaji wapige kura. Hata hivyo kura peke yake haikuondoa madeni. Somo ni hili: atoaye fedha bila kura hana chake, na mwenye kura bila hesabu safi hana kituo.

Basi, ndugu zetu, haya ndiyo malengo tunayoyaweka mbele yenu.

Kwanza, juu ya umiliki. Kila msikilizaji alipaye ada ya mwaka awe mwanachama wa redio, na kila mwanachama awe na kura moja, atoe kidogo au atoe kingi. Hii ndiyo kanuni ya ushirika tangu wafumaji wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844. Asiye na fedha mkononi aweze kulipa ada kwa pishi za mpunga au kwa nazi, ziandikwe daftarini kwa bei ya siku hiyo.

Pili, juu ya halmashauri. Twapendekeza wajumbe tisa. Delta iwe na viti vyake, visivyoweza kushikwa na mtu wa bara; wanawake wasipungue watatu; wavuvi, vijana na wafugaji wawe na mahali pao. Twajua kwamba kuna mashamba ambako mkulima na mfugaji hawaamkiani. Kwa sababu hiyo hasa yafaa wakae meza moja kabla ya kusemeana hewani. Mjumbe akae miaka mitatu, achaguliwe tena mara moja tu, kisha awapishe wengine.

Tatu, juu ya mpaka wa kazi. Halmashauri iweke masharti, iajiri msimamizi na ikague hesabu. Isiingie chumba cha utangazaji kuamuru habari ipi isomwe. Mtangazaji naye asiwe mjumbe wa halmashauri. Aliyesemwa vibaya apewe nafasi ya kujibu katika kipindi kile kile. Wakati wa uchaguzi wagombea wote wapewe dakika sawasawa. Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ifuatwe kikamilifu, ili mtu asipate sababu ya kutufunga kwa uzembe wetu.

Nne, juu ya fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila miezi mitatu mapato na matumizi yasomwe hewani, shilingi kwa shilingi. Mfadhili mmoja, awaye yote, asitoe zaidi ya robo ya mahitaji ya mwaka, maana siku atakapoondoka ataondoka na sauti yetu. Na iwekwe akiba ya matengenezo, kwa kuwa radi haingoji mkutano mkuu.

Tano, juu ya kusikika. Mawimbi ya FM husafiri karibu sawa na jicho lionavyo, na delta ni nchi tambarare yenye misitu mirefu ya mikoko. Kwa hiyo mlingoti uwe mrefu, nao usimamishwe mahali pa juu. Kila chama cha msingi kiwe na redio yake, ya nguvu za jua, na kikundi cha kusikiliza kitakachotuma maswali. Asubuhi zitolewe bei za minada, kimo cha mto, na saa za maji kujaa na kupwa. Jioni iwe zamu ya wananchi wenyewe.

Sasa twafika penye uzito. Baadhi ya viongozi wenzetu wameuliza: ikiwa Chama Kikuu kitatoa fedha za kuanzia, kwa nini redio isiwe mali ya Chama? Swali hili ni la haki, na waliouliza si watu wabaya. Jibu letu latokana na ile barua ya Mbwera. Siku tulipochelewa, nani angelitangaza kwamba tumechelewa? Redio iliyo mali yetu ingelinyamaza kwa ajili yetu, na wanachama wangelipata habari ya kosa letu gulioni. Kwa hiyo twaomba Chama Kikuu kishike viti viwili tu kati ya tisa, na kikubali kuulizwa hewani juu ya mizani, makato na malipo yaliyokawia. Kiongozi mwenye hesabu safi haogopi kipaza sauti.

Tunayoomba leo si makofi. Nendeni katika vyama vyenu, yasomeni malengo haya moja moja, mkayakosoe, mkatuletee majibu kwa maandishi. Yatakayokubaliwa na wengi yaandikwe kuwa masharti, na kazi ianze kwa fedha zetu haba kabla ya kuomba za wengine.

Miaka kumi tumejifunza kupima mazao pamoja. Katika kumi ijayo na tujifunze kusema pamoja, na kusikilizana. Twataka msimu ujao mwanachama wa Mbwera aijue bei saa ile ile aijuayo mwanachama wa Kibiti.