Mikoko ya Gazi na Haki ya Wanaoilinda

Msikilizaji, kusini mwa Mombasa, katika Kaunti ya Kwale, ipo Ghuba ya Gazi. Vijiji vya Gazi na Makongeni vinaitegemea kwa riziki, na ghuba yenyewe inaitegemea mikoko. Samaki wadogo na kaa hukulia kwenye mizizi yake. Mikoko ikikatwa, mvuvi huinua dema tupu, na mawimbi huanza kuila pwani.

Hayo Gazi waliyaona kwa macho. Miaka ya 1970 sehemu ya msitu ilifyekwa ili kupata kuni za viwandani, na kwingine mikoko haikuota tena yenyewe. Ilibidi watafiti na wanakijiji waingie topeni kupanda upya, mche mmoja mmoja.

Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja. Wanakijiji hulinda hekta 117 za msitu, na hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu huo huuzwa kwa wanunuzi wa ng'ambo. Fedha zikifika, wananchi hukaa barazani wakaamua zifanye nini. Maji yamefikishwa vijijini, na shule zimepata vitabu. Mwaka 2017 mradi huu ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Nalisema hili leo kwa sababu biashara hii ya hewa ya ukaa sasa inabisha hodi pwani nzima. Sheria ya Kenya ya mwaka 2023 inataka miradi ya ukaa ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato, gharama zikishaondolewa. Ni hatua njema, lakini haitoshi. Gharama hizo anazihesabu nani? Na hesabu yenyewe nani anaiona? Anayelinda mkoko usiku na mchana hastahili kusubiri kutajiwa fungu lake na mtu aliye mbali.

Nawasihi viongozi wa kaunti zetu: mkataba wowote usomwe barazani, kwa Kiswahili, na akina mama wanaookota chaza wawepo. Nanyi ndugu zangu wa Lamu, wenye mikoko mingi kuliko kaunti yoyote nchini, akija mgeni na karatasi zake, mwambieni kwanza awaonyeshe vitabu vya hesabu. Akikataa, msitie sahihi.