Hoteli Chakavu, Pesa Kamili: Haki Yako ni Ipi?

Msikilizaji, umevuka daraja ukaingia Nyali, Mombasa, na familia, umelipia chumba kinachotazama bahari. Unafungua: kiyoyozi kinanguruma bila baridi, mfereji unatoa maji ya kutu, na ukipiga simu mapokezi hapokei mtu. Hewa ya chumvi hula vyuma haraka hapa pwani, hilo twalijua. Lakini uchakavu huo ni jukumu la mwenye hoteli. Mgeni hastahili kuulipia.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 chakupa haki ya huduma yenye ubora ufaao, na fidia ukipata hasara kwa kasoro zake. Basi usinyamaze hadi siku ya kuondoka. Mwite meneja mapema, omba chumba kingine au urejeshewe pesa. Piga picha, weka risiti na tangazo lililokuvutia. Akikataa, mwandikie barua, kisha upeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, inayotoa leseni za hoteli. Mahakama ya Madai Madogo nayo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, hata bila wakili.

Tafadhali, kabla ya kulipa, omba uoneshwe chumba chenyewe.