Anza na Taa Moja

Leo tunasema na vijana wa Goma wanaotaka kujiundia vyombo vya elektroniki. Anzeni na Arduino Uno, kibao kidogo cha kupangiwa programu. Vibao vya Arduino vilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi.

Kazi ya kwanza ni kuwasha na kuzima taa ya LED. Msiiunge moja kwa moja, itaungua. Pitisheni umeme kwenye resista ya ohmu 220, kipuri cha kupunguza mkondo: kibao hutoa volti 5, taa nyekundu hutumia karibu 2, zinazobaki hubebwa na resista, na mkondo unakuwa miliampea 14 hivi. Hapo taa ni salama.

Vipuri je? Kabla ya kuagiza mbali, ulizeni mafundi wa redio na simu kule Birere. Redio mbovu ya batri ina resista, swichi, spika na nyaya. Huo ni utajiri mtupu! Lakini televisheni na chaja msizifungue bila fundi, maana kondensa zake hubaki na umeme hata zikichomolewa.

Umeme ukikatika, tumieni pawabenki kuwasha kibao. Ikijizima yenyewe, haijafa: kibao kinakula umeme kidogo mno, nayo inadhani kazi imekwisha.