SUBIRA YA MCHEZAJI MWENYE KUFUNGA



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu Mtukufu aliyetujaalia kuifikia Ijumaa nyingine tukiwa na uhai na imani. Tunamwomba amteremshie rehema na amani Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, nanyi wasikilizaji wetu mliomo majumbani, leo tumekusudia kuzungumza juu ya subira. Neno hili limesemwa sana juu ya mimbari, hata masikio ya baadhi yetu yamelizoea kama yanavyozoea mlio wa saa ya ukutani. Mgonjwa huambiwa asubiri, mfiwa huambiwa asubiri, na kijana aliyeanguka mtihani huambiwa vivyo hivyo. Kisha sisi tuliomwambia huinuka tukaenda zetu, tukamwacha pale pale alipoketi. Kwa mazoea hayo subira imekuwa kwetu jina jingine la kukaa kitako. Siyo hiyo tuliyofundishwa. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 153, waumini wanaagizwa watafute msaada kwa subira na kwa sala. Nani atafutaye msaada ila mwenye kazi mikononi? Aliyekaa bure hana haja ya kusaidiwa.

Tumechagua kisa cha mchezaji wa mpira wa kikapu. Huenda baadhi ya wazee wetu wakaona si mahali pake, na haki yao tunaijua: visa vya Mitume ndivyo vilivyo bora, na subira ya Nabii Ayubu na Nabii Yaakub yatosha kwa mwenye kuzingatia. Lakini vijana wetu wamekwisha kubandika picha za wachezaji kutani. Ni afadhali tuwaonyeshe miongoni mwa hao mtu aliyemcha Mola wake, kuliko kuwaachia wachague gizani.

Mtu huyu ni Hakeem Olajuwon, aliyezaliwa mjini Lagos, Nigeria, tarehe 21 Januari 1963, katika nyumba ya Waislamu wa kabila la Wayoruba waliofanya biashara ya saruji. Utotoni alicheza kandanda, akiwa mlinda mlango, na mpira wa mikono. Mpira wa kikapu hakuujua mpaka alipokaribia miaka 15. Wale aliokuja kushindana nao baadaye walikuwa wameushika tangu wakiwa wadogo kabisa. Yeye alianza wakati ambao mwingine angesema, umri umenipita.

Mwaka 1980 akaenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Houston. Inasimuliwa kuwa hakuna aliyekwenda kumpokea uwanja wa ndege. Aliambiwa apande teksi. Msimu wa kwanza hakuchezeshwa katika mashindano. Wakati wa kiangazi alikwenda katika ukumbi mmoja wa michezo mjini humo kucheza na Moses Malone, aliyekuwa wakati ule miongoni mwa wachezaji wakubwa kabisa wa ligi ya Marekani. Malone alimsukuma na kumwangusha, wala hakumwonea huruma. Siku ya pili kijana akarudi. Hapa tunaomba wanafunzi watusikilize: hakumtafuta mtu wa kumsifu, alimtafuta wa kumshinda, apate kujua upungufu wake.

Mwaka 1983 chuo chake kilifika fainali, kikashindwa kwa pointi 54 kwa 52, na kikapu kilichowaua kilitiwa katika sekunde ya mwisho. Mwaka 1984 walifika fainali tena, wakashindwa tena. Mwaka huo huo alichaguliwa wa kwanza kuingia ligi kuu, katika timu ya Houston Rockets, na mwaka 1986 timu hiyo ikafika fainali, ikashindwa na Boston. Fainali tatu, na mikono mitupu mara tatu.

Katika miaka hiyo ya mwanzo, na jambo hili hatutalificha, alilegea katika dini. Alikuwa kijana mgeni katika nchi tajiri, naye amesimulia mwenyewe kuwa alikuwa mbali na ibada kabla ya kurejea. Aliporejea alirejea kwa dhati: akajifunza upya, akashika sala zake, na mwaka 1991 akalirudisha jina lake liandikwe Hakeem, badala ya Akeem kama Wamarekani walivyokuwa wakiliandika. Mzazi ambaye mwanawe yuko mbali leo, mjini au ng'ambo, na barua zake hazitaji tena msikiti, asikate tamaa upesi.

Lakini sikilizeni yaliyomfika baada ya kurejea. Januari 1991 alipigwa kiwiko uwanjani, mfupa wa tundu la jicho ukavunjika, akakosa mechi zaidi ya 20. Mwaka 1992 timu ilimsimamisha, ikidai kuwa alisingizia maumivu ya mguu. Naye kwa hasira akataka kuhama. Sasa yuko wapi yule asemaye kwamba mtu akitubu mambo humnyookea papo hapo? Huyu alitubu, na mitihani ikaongezeka. Kilichomwokoa katika ugomvi ule kilikuwa ni mazungumzo. Mwaka huo huo timu ilisafiri kwenda Japan, na katika ndege mchezaji na mwenye timu walikaa pamoja, wakasema yaliyokuwa moyoni, wakasuluhiana. Subira ina sehemu yake ya ulimi pia.

Mwaka 1994 walifika fainali dhidi ya New York. Walikuwa nyuma kwa mechi tatu kwa mbili, na mechi ya sita ikiwa imebaki pumzi moja, mpinzani alirusha mpira ambao ungeingia ungewanyang'anya kombe. Olajuwon akanyosha mkono, akaugusa kwa ncha za vidole. Wakashinda kwa 86 kwa 84, na mechi ya saba wakatwaa ubingwa. Ilikuwa imepita miaka kumi tangu alipoingia ligi ile.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1995 Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Februari, katikati ya msimu wa mashindano. Olajuwon alifunga. Aliamka kabla ya alfajiri akala daku, na siku za mechi za mchana alikimbia uwanjani hali wenzake wanakunywa maji mbele ya macho yake. Wapo waliodhani atadhoofika na timu iharibikiwe. Mwezi ulipokwisha, yeye ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi wa mwezi wa Februari. Na ilipofika Juni timu yake, iliyokuwa imeshika nafasi ya sita tu katika kundi lake, ilitwaa ubingwa mara ya pili. Pamoja naye alikuwa Clyde Drexler, mwenzake wa chuoni aliyeshindwa pamoja naye mwaka 1983, aliyejiunga na timu katika Februari ile ile.

Ndugu zetu, hapa ndipo wengi wanapokosea wanapokisimulia kisa hiki. Husema: alifunga, kwa hiyo akashinda. Sisi hatusemi hivyo, na tunawaomba msiwafundishe watoto hivyo. Ramadhani ya mwaka 1996 alifunga vile vile, na msimu huo timu yake ilitolewa na Seattle kwa mechi nne kwa bila. Aliendelea kufunga mwaka baada ya mwaka mpaka alipoacha mchezo mwaka 2002, na ubingwa wa tatu hakuupata. Lau saumu yake ingalikuwa bei ya kununulia kombe, angaliiacha mwaka ule wa 1996, kama mteja aachavyo duka lililompunja.

Na je, sisi hatuwafanyi watoto wetu wateja wa namna hiyo? Mitihani ikikaribia, msikiti hujaa wanafunzi safu nzima. Matokeo yakitoka, aliyefaulu huona ameshalipwa, hana haja tena; na aliyeanguka huona ameomba bure. Wote wawili hatuwaoni Ijumaa inayofuata. Kosa si lao peke yao. Sisi ndio tuliowaambia, sali upate kupasi. Hatukuwaambia kuwa sala ni haki ya Mola juu yao, wapasi wasipasi, na kwamba kitabu nacho kina haki yake ya kusomwa usiku baada ya usiku. Tumefundishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kuwa amali impendezayo Mwenyezi Mungu zaidi ni ile idumuyo, hata ikiwa ndogo.

Tuongeze neno moja, lisije likamdhuru mtu. Sheria imemruhusu mgonjwa na msafiri kula na kulipa siku nyingine. Mtu asijitie katika hatari kwa kushindana na mchezaji mwenye afya na nguvu za namna ile.

Alipostaafu, Olajuwon alikuwa amezuia mipira 3,830 isiingie kikapuni, rekodi ambayo mpaka leo haijavunjwa katika ligi ile. Fedha zake alizitia katika majumba na ardhi, akinunua kwa taslimu, asiingie katika mikopo ya riba. Na katikati ya mji wa Houston alinunua jengo kuukuu lenye nguzo kubwa, lililojengwa zamani kuwa benki. Jengo hilo sasa ni msikiti na mahali pa kufundishia dini, na Ijumaa kama hii watu hupanga safu ndani ya ukumbi ule ambamo zamani fedha zilikopeshwa kwa riba.

Ewe Mola wetu, wape nguvu vijana wetu wanaorudia mtihani mwaka huu, na wanaofunga hali wanafanya kazi za sulubu juani, na wazazi wanaongoja habari za watoto walio mbali. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.